Tunataka Batwa wa kando ya Kahuzi-Biega wapige picha wao wenyewe: tuanze wapi, tuepuke nini?

LekiWaKadutu (Bukavu)

Bakubwa na bandugu, jambo kwenu wote. Swali langu ni ndefu kidogo munisamehe, nikifupisha hamutaona shida iko wapi.

Niko mu asosiasio moja ndogo hapa Bukavu, tuko batu saba, mufadhili hatuna, tulichanga tukapata simu 10 za okazio zenye kamera ya kufaa. Tunataka kufanya kazi na familia za Batwa, batu wenye asili ya pori, zenye kukaa kando ya parki ya Kahuzi-Biega upande wa Kabare, wao wenyewe wapige picha namna mazingira yao inabadilika. Mvua yenye haifuate tena majira, udongo wenye kutelemuka, miti yenye inaisha, maji. Sisi tusipige hata moja. Mimi njo walinichagua nitayarishe mambo ya picha juu nimepiga picha za ndoa miaka ine.

Wiki iliyopita tulienda kusalimia tu, bila simu bila kamera, tulibeba chumvi na sabuni. Kapita, mukubwa wa kijiji, akatupokea vizuri. Lakini kulikuwa mama mumoja muzee anafinyanga chungu pembeni ya nyumba, hakuacha kazi yake, mikono iko na udongo mpaka kwenye kiwiko, akaniuliza hivi: "Mutoto wangu, tangu ningali musichana wanakuya kutupiga foto. Wazungu walikuya, ba ONG walikuya, ba redio walikuya. Ile foto yangu iko wapi? Nani anaikulaka?"

Nilikosa jibu. Nimerudi nyumbani nimefungua kompyuta yangu, na mimi pia niko na picha mingi za batu wenye sikuwarudishiaka kitu.

Sasa naomba mwenye alishafanya kazi ya namna hii anisaidie. Tunaanza na nini, kufundisha simu ao kuzungumuza kwanza? Je tuwalipe? Picha zikisha pigwa ni za nani, zetu ao zao? Na mambo ya usalama, juu munajua kipindi chenye tuko, kutembea na simu yenye picha mingi si kitu chepesi. Hii kazi iko kwa roho yangu kabisa, sitaki iwe moja ya zile zenye yule mama alihesabu.

---

MuzeeWaIdjwi (Idjwi kusini)

Dada, asante kwa kuuliza kabla ya kwenda, wengi tunauliza tukisharudi.

Nikupe kwanza hadithi ya kweli. Mwaka 1966 Wamarekani wawili wataalamu, Sol Worth na John Adair, walifika Pine Springs kule Arizona, kwa watu wa kabila la Navajo, walitaka kuwafundisha kutumia kamera za filamu ili waone Wanavajo wenyewe wataonyesha dunia yao namna gani. Wakaenda kuomba ruhusa kwa mzee mmoja anayeheshimiwa pale. Mzee akawasikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza, hiyo filamu itawadhuru kondoo? Wakasema hapana. Akauliza tena, itawafaa kondoo? Wakafikiri, wakasema hapana, haitawafaa. Mzee akasema, sasa mnatengeneza filamu ya nini?

Mimi hii hadithi sikuijua wakati nilifanya kazi yangu. Hapa Idjwi tuko na Batwa pia, msitu wa kisiwa uliisha wakabaki bila ardhi, wanakaa kwenye vipande vidogo vya watu wengine. Nilipata kamera ndogo za dijitali, nikazigawa kwa watu 15, wiki tatu, picha zikatoka nzuri sana mpaka leo nikiziangalia nasikia kitu. Kisha tukafanya maonyesho mjini Bukavu ndani ya hoteli, wageni wakaja, vinywaji, hotuba. Wapiga picha hawakuwepo hata mmoja, bajeti ya boti ilikuwa imeisha. Niliporudi kisiwani baba mmoja aliniuliza waliziona ni akina nani na walisema nini, nikamwambia walifurahi. Akanyamaza. Miaka imepita na ile kunyamaza kwake bado naisikia. Kama ningekuwa na pesa ya kitu kimoja tu, ningelipa boti na kuacha hoteli, au maonyesho ningeyafanya kwenye shule ya palepale Idjwi na kumwita shefu wa kolektivite akae mbele.

Kuhusu njia yenyewe. Hii ambayo watu wanaita fotovoisi ilianza miaka ya 1990, Caroline Wang na Mary Ann Burris walifanya kazi na wanawake 62 wa vijijini katika mkoa wa Yunnan, China, kuhusu afya yao. Wenyewe walichukua sana kwa Paulo Freire yule mwalimu wa Brazil, kwamba mtu asiyejua kusoma anaweza kuisoma hali yake na kuijadili kama atapewa nafasi. Wengi wanafikiri kazi ni kugawa kamera. Kamera ni siku moja, kazi ni kukaa duara na picha na kuuliza: tunaona nini hapa, kinachoendelea hasa ni nini, kinagusa vipi maisha yetu, kwa nini hali iko hivi, na tufanye nini. Lile swali la nne ndilo linachukua saa mbili. Usiliharakishe, na usimpe kijana wa mjini aandike "ukataji wa miti" wakati mama amesema "hapa ndipo mume wangu alikuwa anategea nyuki". Andika vile alisema, kwa lugha aliyosema, kisha tafsiri chini.

Kulipa: siku moja ya duara ni siku moja ambayo hakwenda kulima shamba la mtu, na jioni watoto wanakula ile pesa ya kulima. Kwa hiyo toeni kile ambacho angepata shambani, sawa kwa wote, mkitangaza mbele ya wote siku ya kwanza. Usilipe kwa picha. Ukilipa kwa picha utapata picha unazozipenda wewe.

---

MwanaWaPori (Kalehe)

Mimi ni Mutwa. Nilisoma, nakaa Kalehe, bazazi wangu balitoka mu pori ya Kahuzi. Nitasema bila kuzunguka juu dada LekiWaKadutu anaonekana ana roho nzuri.

Munasema munataka picha za miti yenye inaisha. Nani atapiga ile picha? Ni mutoto wetu. Atasimama fasi gani ili aipige? Ndani ya parki. Kuingia kule bila ruhusa ni kosa, batu balishafungwa na balishakufa juu ya ile mupaka. Akipiga picha ya makala inaungua, pembeni ya ile makala kuko nani? Anaweza kuwa mujomba wake. Mu simu yako ile picha inaitwa mazingira, mu simu ya mulinzi wa parki inaitwa ushahidi, na mu simu ya mutu wa silaha mwenye anakula ile makala inaitwa mambo ingine tena. Ile njo kitu cha kwanza ningetaka muzungumuze, mbele hata ya kuonyesha fasi ya kufinya.

Nani hapa anakumbuka historia? Parki ilianzishwa mwaka 1970 na hektari 60.000. Mwaka 1975 ikapanuliwa ikafika 600.000. Bazee betu bakafukuzwa bila kupewa udongo ingine. Mwaka 1980 UNESCO ikaiweka mu urithi wa dunia, dunia ikapiga makofi, sisi tukakuwa bageni mu mashamba ya batu. Mwaka 2018 bamoja balichoka, barudia ndani, na byenye bilifuata kila mutu wa Kabare na Kalehe anabijua, kuko makaburi. Mwaka 2022 Serikali ilitoa sheria ya kulinda haki za sisi Batwa na ba pygmées bote ba Kongo. Mwaka 2024 Komisio ya Afrika ya haki za binadamu ilitangaza kama Serikali ilivunja haki za Batwa ba Kahuzi-Biega, ikapendekeza barudishiwe udongo ya bankambo. Ile yote iko ku karatasi. Mama yangu angali analima kwa batu.

Sasa muniulize mabadiliko ya mazingira kwetu ni nini. Kwa mutu wa mujini ni mvua na joto. Kwetu mazingira ilibadilika siku moja, siku ya kufukuzwa. Mutoto wangu anajua jina ya miti tatu, eucalyptus, avoka na ndizi. Baba yangu alijua miti yenye inaponesha tumbo, yenye inaponesha mama mwenye amezaa, yenye nyuki inapenda maua yake, na alijua kama liane flani, ule mumea wenye kupanda ku miti, ikianza kufunika miti basi pori inagonjwa. Ile alisemaka zamani. Leo batu ba siansi pia banasema kama liane ya Sericostachys inafunika sehemu ya pori ya milima na kuzuia miti midogo kukomaa. Hakuna mutu alikuya kumuuliza baba.

Utapiga namna gani picha ya kitu chenye hakiko tena? Hilo swali munaweza kuiweka mbele ya bazee. Mimi najua mama yangu angefanya nini, angepiga picha ya mukono yake iko wazi, juu kila siku anaonyesha hivi akisimulia asali.

Kitu ya mwisho. Kama munatupatia simu tuonyeshe miti inaisha, na nyinyi ba mujini, ba Kadutu, ba Ibanda, ba Bagira mupige picha zenu. Mupige babula, jiko yenu, na makala ndani yake. Mupige mufuko ya makala ku soko na bei yake. Mupige simu zenu zenyewe, juu coltan, madini yenye iko ndani ya simu, inachimbwa mpaka ndani ya parki. Mulete zile picha mu duara, tukae nazo pamoja na zetu. Bila hiyo itaonekana kama sisi peke yetu njo tuko na mambo ya kujibu.

---

FotoGoma (Goma, Himbi)

MwanaWaPori heshima kwako, nimesoma mara mbili. Dada, hiyo ya kupiga babula naomba usiiache ipite.

Mimi nitasema ya ufundi, lakini kwanza kitu kimoja kunihusu, ili uelewe kwa nini naweka mkazo. Mwaka 2021 volkano ya Nyiragongo ilipolipuka, tarehe 22 mwezi wa 5, na siku chache baadaye tukaambiwa tuhame mji, tulitembea kwa miguu kuelekea Sake. Mama yangu alikuwa amebeba godoro kichwani na ameshika mkono wa mtoto wa dada yangu. Mpiga picha mmoja alisimama pembeni ya barabara akampiga, hakuuliza jina, hakuuliza kitu. Miezi mingi baadaye rafiki alinitumia tangazo la shirika moja la nje, mama yupo mle, lakini maneno yanasema njaa. Mama yangu hakuwahi kulala njaa siku moja, alikuwa anauza samaki miaka yote, ana fahari yake. Alipoiona alisema tu "kumbe mimi ni huyu". Niliandika barua pepe, nikajibiwa kwamba picha ilinunuliwa kihalali. Picha ilikuwa ya kweli na bado ilisema uongo juu yake, kwa sababu maneno ya chini yaliandikwa na mtu mwingine.

Basi ufundi.

Simu yoyote ya Android, fungua kamera, nenda kwenye mipangilio, kuna sehemu ya mahali, izime kwenye simu zote 10 kabla ya kuzigawa na angalia tena kila jioni, kwa sababu simu nyingine ukiirudisha upya inajiwasha. Ikiwa imewashwa, kila picha inabeba ndani yake namba za GPS za mahali ilipopigwa, huzioni lakini ziko. Watu wengi wanadhani WhatsApp inalinda. Ukituma picha kama picha, WhatsApp inaipunguza na zile habari zinatoka. Ukiituma kama dokima (document) ili isipoteze ubora, inaenda nzima na mahali pake na saa yake. Na ile ya asili inabaki kwenye simu au kwenye karti memwari. Mtu akiikamata simu anaziona zote.

Kwa hiyo kila jioni picha ziangaliwe na mwenye kupiga, yeye aseme hii ibaki hii ifutwe, na akisema ifutwe ifutwe mbele yake, hata kama ndiyo nzuri kuliko zote. Hapo utaumia, mimi nakuambia mapema. Picha nyingi nzuri zitaenda. Futeni pia kwenye lile sanduku la takataka la galeri maana linazishika mwezi mzima.

Fundisheni picha zisizo na sura. Mikono, mgongo, kivuli, nyayo kwenye matope, chombo, mahali palipobaki. Si kwa sababu sura ni mbaya, ni kwamba mtu awe na njia ya kusema bila kujiuza. Mtu akitaka sura yake ionekane ni haki yake, ila ajue itafika wapi, na msimwambie "itafika kwenye ofisi yetu", mwambieni ukweli kwamba ikishaingia mtandaoni hairudi.

Chaji: nunueni sola ndogo na muiache kijijini mkimaliza. Watu watagombana kwa sababu ya chaji kuliko picha, amini.

---

JiraniWaParki (Miti)

Nawasoma tangu asubuhi na nilisita kuandika kwa sababu najua maneno yangu hayatapendwa na wote. Mimi nakaa Miti, nimefanya kazi miaka mingi na parki, si ofisini, msituni. Nina marafiki walinzi waliouawa kule ndani, nimebeba jeneza la mmoja wao. Na marafiki zangu wa kwanza kazini walikuwa Batwa, wapistea, watu waliotufundisha wote kufuata nyayo za gorila. Bila wao hakuna mtalii angemwona gorila hata mmoja, hilo liandikwe.

Ninachoomba ni kwamba hii kazi isigeuke kuwa picha za kushitaki upande mmoja. Gorila wa Grauer haishi popote duniani isipokuwa hapa mashariki ya Kongo. Parki iko kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini tangu 1997, na vita ndiyo ilileta hayo, watu wenye silaha, machimbo, makala ya biashara. Mutwa mwenye panga moja hakumaliza ule msitu. Wenye malori ndio wanaomaliza, na mara nyingi wanamtuma Mutwa mbele abebe lawama na apate noti ndogo. Kama picha zitaonyesha hilo mimi nitakuwa wa kwanza kuzisimamia. Lakini kuonyesha hilo ndiyo hatari yenyewe aliyosema MwanaWaPori, nakubaliana naye kabisa pale.

Na kitu kingine, wengi hawajui. Adrien Deschryver, yule Mbelgiji aliyeianzisha parki mwaka 1970, alikuwa mpiga picha. Picha za gorila wa Kahuzi zilitembea dunia nzima na zikaleta ulinzi na pesa. Nimewahi kufikiri nikiwa peke yangu kule juu kwenye mianzi: kama siku zile mtu angempa kamera Mutwa mmoja tu, dunia ingeona pia moto wa jikoni chini ya ile miti, ingejua kuna watu. Sisemi gorila asingelindwa. Nasema labda tungejua mapema kwamba kuna vitu viwili vya kulinda.

Walinzi pia waitwe kwenye duara siku moja, mwishoni, Batwa wakikubali. Wasipokubali, msilazimishe.

---

MwanaWaPori (Kalehe)

Jirani, asante kwa kusema ya malori. Sikubaliane na yote lakini ile ya malori ni kweli na batu ba parki habaisemaka mbele ya batu.

Juu ya balinzi mu duara, hapana kwa sasa. Kuko bamama mu vile vijiji benye bakiona uniforme banaanza kutetemeka. Kama anakuya, akuye na nguo ya nyumbani, bila bunduki, na baulize bamama mbele. Mama mumoja akisema hapana inatosha.

---

MwalimuWaBagira (Bukavu)

Nafundisha mambo ya maendeleo ya vijijini, wanafunzi wangu kila mwaka wanaenda kwa Batwa kutafuta data ya memwari yao ya kumaliza masomo na kila mwaka naona ile ile, wanarudi na kaye imejaa na kijiji kinabaki na karatasi ya kusaini. Nitajibu swali moja tu, picha ni za nani.

Kule Kanada watu asili wa First Nations walichoka na watafiti, mwaka 1998 wakaweka kanuni nne: habari inayotuhusu ni mali yetu, tunaiongoza sisi, tunaweza kuiona tukitaka, na inakaa mikononi mwetu. Hiyo ya nne wengi wanaisahau, inakaa wapi kimwili. Mtu anaweza kukuambia picha ni zako wakati ziko kwenye kompyuta yake Bukavu na wewe uko Kabare, hapo ni zako namna gani?

Kwa hiyo mimi ningefanya hivi. Mkataba mfupi, usomwe kwa sauti kwa Mashi na Kiswahili, urekodiwe kwenye simu kwa sauti badala ya alama ya kidole kwenye karatasi ambayo mtu haisomi. Kila mpiga picha apate picha zake zimechapishwa, plus karti memwari moja ikae kwa mtu ambaye wao wanamchagua, na nyinyi mbaki na kopi zile tu walizoruhusu. Ruhusa iombwe mara mbili: kabla ya kupiga, na tena baada ya kuona picha, maana mtu hawezi kuruhusu kitu ambacho hajakiona. Na kama mtu mwingine yuko ndani ya picha, mpiga picha ndiye amwendee, si nyinyi.

Neno moja la maandishi ya chini: msiandike mbilikimo popote, hata mkinukuu kitabu cha zamani. Andikeni Batwa, na kama mtu anataka jina lake liandikwe, liandikwe lote kama la mpiga picha yeyote. Picha zetu zinaandikwa jina, za kwao zinaandikwa "mwanamke Mutwa".

---

LekiWaKadutu (Bukavu)

Nimelia kidogo kwa kusoma habari ya mama wa kaka FotoGoma na mukono wa mama wa MwanaWaPori. Asanteni bote, nimeyapeleka kwa benzangu usiku ule ule, tulibishana mpaka saa tano. Tulibadilisha mambo mingi. Pesa ya maonyesho ya mujini tumeiondoa, itakuwa transipoti na kuchapisha. Mahali ku simu tumezima. Na tulienda ku soko ya Kadutu kupiga mifuko ya makala, mama mumoja muuzaji aliniuliza ni ya nini, nikamueleza, akasema hata mimi mupeleke sauti yangu kule, mwambieni mimi pia niko na watoto sita na hii njo inawasomesha. Nimeirekodi. Sijajua bado tutafanya nayo nini lakini itaenda.

MwanaWaPori, ninaweza kukuomba ukuye siku ya kwanza? Si kwa kutafsiri tu, uongoze duara.

---

MwanaWaPori (Kalehe)

Nitakuya. Lakini duara ataongoza mutu wa kijiji, mimi nitakaa pembeni yake. Na ulizia mbele kama kuko familia yenye imefiwa, kwetu picha ya mwenye amekufa karibuni haionyeshwe ovyo, mama yake anaweza kuanguka. Ulize kila asubuhi, juu mambo inabadilika usiku.

---

LekiWaKadutu (Bukavu)

Wiki tano zimepita, narudi kuwaeleza kama nilivyoahidi.

Siku mbili za kwanza hatukutoa simu. Tulikaa, tukaonyesha picha za Kadutu: mifuko, babula, bonde letu lenye nyumba zinatelemuka mvua ikinyesha. Walishangaa kabisa kuona na sisi udongo unatuchukua. Baba mumoja akasema, basi ile mulima yenu haina miti ya kuishika, na akatueleza mizizi gani inashika udongo namna gani, saa nzima, na sisi batu ba mujini njo tulikuwa tunaandika. Hapo niliona kitu kimegeuka.

Walichagua wenyewe wapiga picha 10, wanawake sita, na walikataa parki. Wote. Walisema picha zote zitapigwa nje ya mupaka, hata moja isiwe ndani. MwanaWaPori aliwaongezea tu hivi, kama mutu anataka kuonyesha pori apige kutoka nyumbani kwake, vile anaionaka kila asubuhi. Kuko picha za namna hiyo sita, kila moja kutoka mulango tofauti, mulima ni ule ule na mawingu, na kila mutu alisimulia kitu ingine kabisa. Sizitie hapa juu bado wanazungumuza kama zitoke.

Yule mama wa chungu alisema hataki simu. Siku ya tatu akamuita mujukuu wake, akachukua simu yake, akatelemuka mu bonde, tukamungoja. Picha alipiga moja tu. Ni shimo la udongo wa kufinyangia, kando ya maji, na kuna senyenge imepita katikati na maharagwe upande ule mwingine. Mu duara akasema ile bonde ilikuwa ya wote, wote walichota udongo pale tangu nyanya yake, sasa kuko mwenye alikausha maji akaweka senyenge, na udongo wenye umebaki upande wake uko na muchanga, vyungu vinapasuka mu moto. Sisi tulikuya na maneno ya mvua na miti, hakuna mutu alifikiri udongo wa chungu. Swali la kwa nini liliwachukua mpaka jioni, na kwa tufanye nini wakapanga kumwendea shefu wa grupema na ile picha mukononi.

Aliniuliza tena, sasa hii iko wapi? Nikamwambia iko hapa, mu simu ya mujukuu wako, na karti itabaki kwa mutu wenye mulichagua. Akasema anataka mbili za karatasi, kubwa, moja ya shefu, moja ya ukuta wake, na ile ya shefu iandikwe jina lake yote mbele.

Wanaenda kwa shefu siku ya kazi ya pili ya wiki ijayo. Nyumba yake inavuja na moshi ni mingi, karatasi ya kawaida haitamaliza mwezi. Kama kuko mwenye anajua fasi hapa Bukavu, Nyawera ao kwingine, penye wanachapisha A3 na kuiplastifie kwa bei ya kufaa, naomba aniambie mbele ya siku ya tano, juu nataka nipande nayo mimi mwenyewe.